Mahali Kalamu Inapoinuliwa

Siku Elinami alipofariki, katoni kumi na saba za bidhaa alizoziandika anwani Jumamosi zilikuwa bado koridoni, zikisubiri lori la kwenda bandari ya Huangpu. Dada yake, Rozina, hakuweza kuzitazama. Maandishi yalikuwa yamelala upande kama majani yaliyokanyagwa, naye alikuwa amemkaripia: "Msomi mzima, unaandika kama kuku kaparua!" Elinami alicheka tu. Figo zilikuwa zimeanza kumsaliti, wala hakumwambia mtu.

Wiki tatu baadaye Geofrey, aliyesoma naye chuoni, alipanda ngazi hadi chumbani kwa Rozina, mtaa wa Huanshi, akiwa na daftari la utafiti la Elinami. Miaka miwili Elinami alichunguza picha za kitabu kilichonakiliwa kwa mkono Uingereza ya kale, ajue kilinakiliwa na watu wangapi.

"Pole tena, dada. Profesa anataka kuichapa kazi yake. Ila kurasa tisa za mwisho tunazitoa. Mwandiko si wake."

"Wa nani basi? Wangu? Kiingereza changu cha kidato cha nne hao wazee wa kale wangekikimbia!"

Geofrey alitabasamu, akaketi kama mtu aliyetua mzigo.

Rozina alifungua daftari. Kweli, herufi zilikuwa zimelegea, mistari inateremka. Akasoma polepole. Humo ndimo Elinami alimobadili mawazo: mnakili hakuwa na mwenzake, kama alivyodhani mwanzo. Alikuwa mmoja, amechoka.

Akakumbuka Elinami alivyomwambia wakifunga mizigo: "Mtu akichoka, herufi hubadilika. Wewe tazama anapoinua kalamu."

Katoni zilikwishaondoka, lakini kifuniko kimoja kilichopasuka alikiweka chini ya kitanda. Akakitoa, akakilaza kando ya daftari.

"Tazama hii 'k'. Anainua kalamu kabla ya mguu wa mwisho. Anaacha mwanya."

Geofrey aliinama. Mwanya ulikuwapo katika ukurasa wa kwanza. Ulikuwapo kwenye kifuniko. Ulikuwapo katika ukurasa wa mwisho, mwembamba kama uzi.

"Ni yeye," alisema kwa sauti ya chini. "Basi aliugua tangu hapa." Kidole chake kilikuwa juu ya tarehe ya kwanza ya zile kurasa tisa: mwezi mzima kabla ya kifo.

"Nami nikimwona kila Jumamosi," Rozina alijibu.

Geofrey alilifunga daftari taratibu, akaondoka nalo.

Kurasa tisa zimechapwa pamoja na nyingine. Katoni za Huangpu sasa anaziandika Rozina mwenyewe.