Mkono wa Rahab

Kabla ya kuitwa Rahab, mtoto huyo alikuwa Nduta, na nyanya yake Gathoni hakuacha kumwita Nduta, ila kwa kunong'ona, tena nje ya ua wa misheni.

Mambo yenyewe yalianza na ugeni. Mwaka wa kabla ya nzige, Wazungu wa makanisa ya ng'ambo walikuja Kawangware wakashinda wakiimba, wakipiga picha na kulia. Naam, kulia! Watu wa Kawangware walikuwa hawajawahi kuona watu wazima wakilia mchana kweupe na hakuna msiba. Kabla ya kuondoka, kila mgeni alijichagulia yatima wa kumlea kutoka huko kwao. Yatima akapewa kitanda katika nyumba ya watoto, na ukutani juu ya kitanda kikapigiliwa kibao chenye jina la mlezi wake.

Memsahibu Aldridge alimchagua Rahab, yule Rahab wa kwanza mwenye jina. Mtoto huyo alikuwa ameangukia mafiga tangu akitambaa, na mkono wake wa kushoto, kuanzia kiwikoni kushuka, ulikuwa na kovu kubwa lililokunjamana. Memsahibu alilishika kovu lile akalia mpaka wenzake wakamshika mabega. Watoto wenye sura nzuri walikuwa wamepangwa pale pale mbele yake, yeye akachagua mkono ule. Kila mtu aliona.

Nzige wakaja, njaa ikafuata, na nyuma ya njaa ikaja surua. Rahab akafa. Mwaka huo huo Nduta naye alifiwa na baba, kisha na mama yake Wagaki, aliyekuwa binti pekee wa Gathoni. Kwa hiyo Nduta alikuwa yatima kamili, asiye na dosari yoyote, ila alichelewa. Wageni wa kuchagua yatima walikuwa wameshakwenda zao.

Mwalimu Ephantus, msimamizi wa nyumba ya watoto, alimfuata Gathoni shambani.

"Mama, kuna kitanda," alisema. "Nikisema mwenyewe amekufa, chakula chake kinakatika. Nduta ni rika lake. Mlete."

"Alale kitanda cha maiti? Aitwe jina la mtoto wa watu, ambaye hata si wa ukoo wetu? Ephantus, mama yako alikuzaa au alikuokota?"

"Ataitwa Rahab, na atakula."

Gathoni akamtazama mjukuu wake aliyekuwa amekaa kwenye mtaro. Magoti yalikuwa manene kuliko mapaja. Akatema mate chini, akamwomba radhi marehemu binti yake, na kesho yake akampeleka.

Na kweli, mtoto akala. Akanawiri, akajua kusoma, akawa anamsomea nyanya yake Maandiko kila Jumapili nje ya kanisa, kidole kikitembea juu ya maneno. Bwana Mchungaji aliyewajua watoto kwa sura alikuwa amehamishwa, akaja mwingine, na yeye alisoma vibao tu. Gathoni akawa mtu wa kwenda kumwona "Rahab" kama jirani mwema, huku moyoni anachekelea kila akiona mashavu yale.

Kisha siku moja ikatangazwa kanisani: Memsahibu Aldridge anarudi. Baada ya mvua za masika atakuwa hapa, amwone mtoto wake. Watu wakapiga makofi. Ephantus hakupiga. Ibada ilipokwisha alimfuata Gathoni mpaka nyumbani, akakaa kwenye kigoda akijifuta jasho.

"Sura hainitishi," akasema. "Watoto hubadilika, na kwa hawa wageni sote ni sura moja. Shida ni mkono."

"Si tuseme kovu limepona?"

"Limepona!" Ephantus akacheka bila furaha. "Mama, wewe umezeekea hapa. Ushaona kovu la mafiga likapona likawa ngozi? Yule alililia lile kovu. Hilo ndilo atakalolitafuta. Asipoliona atajua tumembadilishia mtoto, mimi nitafungwa, na Nduta atatupwa nje na kigauni chake."

"Kwa hiyo unataka nifanye nini? Sema kwa mdomo wako, mwalimu."

Ephantus aliyatazama mafiga ya Gathoni, kisha akatazama pembeni.

Mwizi mwenye adabu! Anataka jambo litendeke, lakini lisitoke kinywani mwake. Gathoni alimfukuza siku ile, akamtupia na kigoda. Lakini usingizi ukamkataa. Alikuwa akiyaona yale magoti ya mwaka wa njaa. Mwisho akaomba ruhusa kwamba anamchukua mtoto amsaidie kubeba viazi, akashika naye njia ya Kibra.

Kule Kibra, kwenye mashamba ya maaskari wa Kisudani upande wa Silanga, Gathoni alikuwa na mteja wake wa viazi, Mabruka, mjane wa askari. Watu walimwita Mama Murjan. Mabruka alitibu kwa moto. Alikuwa na chuma chake chembamba, na mtu mwenye nyonga mbovu au wengu uliovimba alikuja akachomwa palipo na ugonjwa, akaenda zake akiwa mzima.

"Mama Wagaki, karibu. Leo umeniletea viazi na mgonjwa," Mabruka alisema. Akaushika mkono wa Nduta, akaubonyeza kutoka begani mpaka vidoleni. "Unaumwa wapi, binti?"

"Siumwi," Nduta akajibu.

Mabruka akamwambia mtoto aende nyuma akaangalie vifaranga. Gathoni akamweleza yote, kuanzia kitanda mpaka kovu, na alipomaliza Mabruka alikuwa amesimama.

"Wallahi umerukwa na akili! Mimi nachoma ugonjwa. Nimewachoma wanaume waliotoka vitani, nimemchoma Murjan niliyemzaa mwenyewe. Mtoto mzima? Toka!"

"Basi nitamchoma mwenyewe, kwa ukuni," Gathoni akasema, akainyoosha mikono yake mbele. Ilikuwa inatetemeka vibaya. "Na hii ndiyo mikono yangu, Mama Murjan. Itazame."

Mabruka aliitazama. Alimtukana kwa Kinubi, kisha kwa Kiswahili ili asikose kuelewa, kisha akakaa chini akakisukuma chuma ndani ya makaa. "Mungu atatulipa sote wawili," akasema.

Nduta aliambiwa ni dawa. Alilia mara moja tu, kwa kushangaa zaidi kuliko kuumia, halafu akamkazia nyanya yake macho. Gathoni angefurahi kama mtoto angemng'ata, angemtukana, angemtemea mate usoni. Macho yale hakuyaweza. Yaliuliza tu.

Mabruka akaupaka mkono samli na asali, akaufunga vizuri. "Umlete nimfungue na kumfunga mpaka donda likauke," akaonya. "Usipomleta litaoza, na hilo utalijibu wewe."

Hakumleta. Ephantus alikataa katakata mtoto kuvuka lango. Misheni haikutaka kusikia habari za waganga wa Kibra, na hospitalini pale misheni hakuthubutu kumpeleka, maana daktari angejua mara moja kwamba hicho ni kidonda kipya. Akamvika sweta akamwambia anyamaze. Mvua ikanyesha, sweta likalowa, inzi wakaja. Siku ya mgeni ilipofika kidonda kilikuwa kinatoa harufu, kiwiko kimekunjika hakinyooki, na alama iliyotengenezwa ili ionekane ikabidi ifichwe. Nduta akavalishwa gauni jeupe la mikono mirefu.

"Akiuliza nitamfunulia kidogo tu, pale juu palipokauka," Ephantus alimnong'onezea Gathoni mlangoni mwa kanisa.

Gathoni alikaa nyuma na wanawake wenzake. Memsahibu Aldridge alikuwa amezeeka, amekonda, anatembea kwa fimbo. Akasimama mbele ya watu, mkono mmoja begani mwa Nduta, akaanza kusema kwa lugha yake, na Ephantus akawa anatafsiri kwa sauti ili kanisa zima lisikie.

"Memsahibu anasema, kanisa lao ni dogo, watu wake si matajiri. Anasema, tangu alipotoka hapa, kila Jumapili jioni wamepiga magoti kwa ajili ya mkono wa mtoto huyu." Ephantus aliutazama mkono wa gauni. "Anasema, walimwomba Mungu... walimwomba Mungu aliondoe lile kovu."

Bwana Mchungaji akamgeukia. Ephantus akakohoa, akaendelea, sauti imeshuka.

"Waliomba mkono uwe safi, kama alivyozaliwa nao. Anasema wengine walimcheka. Yeye ni mgonjwa, daktari alimkataza safari, lakini amevuka bahari ili aone Mungu amefanya nini."

Gathoni alielewa kabla mtu yeyote hajagusa gauni. Mkono safi? Mkono ulikuwepo! Ulikuwepo, laini, hauna hata mkwaruzo, mpaka siku aliyoupeleka Kibra kwa miguu yake mwenyewe. Laiti wangekaa kimya. Laiti wangejikalia tu kama wajinga, wasifanye lolote, mama huyu angeukuta mkono, akapiga vigelegele kama anavijua, na Nduta angekula na kusoma mpaka aolewe. Gathoni akataka kupiga kelele, wasimfunue, wangoje.

Memsahibu aliinama, akambusu mtoto kwenye paji la uso, akaanza kupandisha mkono wa gauni. Kitambaa kilikuwa kimeganda kwenye kidonda. Akavuta polepole, akitabasamu bado. Nduta alitetemeka asilie, maana aliambiwa asilie. Harufu ikawafikia watu wa mbele, nao wakageuza nyuso.

Safari hii memsahibu hakulia. Alimgeukia Bwana Mchungaji akasema maneno mengi, na Ephantus hakutafsiri hata moja. Hayakuhitaji kutafsiriwa. Alikuwa akionyesha ile nyumba ya watoto kwa fimbo, akiuonyesha mkono, akimwonyesha Ephantus. Ametuma riziki miaka yote hiyo, na mtoto ameachwa aoze.

Wiki hiyo hiyo aliondoka, na watu wakasikia kwamba wema wake ameupeleka kwa watoto wa mahali pengine. Kibao kiling'olewa. Ephantus akafukuzwa kazi. Nduta alipelekwa hospitali, mkono ukaokolewa lakini ukabaki umekunjika, kisha ikaonekana kwamba yatima huyu wa misheni kumbe ana nyanya, na nyanya akaitwa aje amchukue.

Walirudi kwa miguu. Gathoni alibeba kikapu chenye blanketi la mtoto, Nduta akatembea kando yake, mkono umefungwa kifuani.

"Cucu," akamwambia nyanya yake, "wale watu wa ng'ambo waliomba mkono wangu uwe mzuri?"

"Waliomba mkono wa Rahab."

"Si mimi ndiye niliyekuwa Rahab?"

Gathoni akahamishia kikapu mkono wa pili. Wakatembea.

"Na mkono wangu ulikuwa mzuri," Nduta akasema.

"Ulikuwa mzuri, mama."

Mtoto akautazama mkono wake. "Basi Mungu alikuwa ameshawajibu."

Gathoni akatua kikapu, akakaa kando ya njia, akalia kwa sauti mchana kweupe, na watu wanapita.