Hodi ya Kinanda

Mdogo wangu Mundhir si mwizi, lakini mwaka ule wa 1996 alituibia kila sauti iliyokuwamo nyumbani. Mjomba wetu wa Maskati alimletea kinanda kipya cha kunasa sauti. Unakisikilizisha kitu, iwe mbuzi ya kukunia nazi, mchi au kikohozi, kisha unabonyeza kidole na kitu kile kinatoka kikiimba. Jioni Mundhir alikuwa akiwapigia watalii muziki katika hoteli moja ya Shangani. Mchana alijifungia kwenye ghala letu la zamani la karafuu, pale chini, ambalo alilitundikia magodoro ukutani na kuliita studio. Alikuwa akitafuta jazi na fanki ya Unguja. Mimi nilikuwa nikitafuta mbuzi yangu ya nazi.

Siku moja jirani yetu Bi Shemsa alikuja kuomba limau, na Mundhir akainasa hodi yake. Hapo ndipo balaa lilipoanza. Akibonyeza upande wa kushoto, hodi ilitoka nzito kama ya mzee wa barazani. Upande wa kulia, nyembamba kama ya mtoto aliyetumwa chumvi. Akaipangia ngoma, rafiki yake Borafya akaitia besi kwa gitaa, ikawa inacheza: hodi, hodi-hodi, ho-ho-hodi. Naona uchungu kukiri, lakini mguu wangu ulicheza.

Taabu ilikuwa kwa mama. Mama yetu, Bi Ghaliya, alilelewa katika nyumba ambamo hodi haiachwi bila kuitikiwa, hata aliyeipiga awe adui. Sauti ilipanda juu kupitia ua wa ndani, naye huko juu akaitikia, "Karibu!" Kila mara. Alikatisha uradi kuitikia. Aliamka usingizini kuitikia. Siku ya kwanza aliinjika kahawa motoni, akajitanda vizuri, akashuka ngazi taratibu na goti lake bovu, akakuta hapana mtu.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema kwa uchungu. "Na mgeni mwenyewe hayupo!"

Mundhir badala ya kuona haya alifurahi, kwa sababu ile "Karibu!" ya mama ilikuwa ikiingia kwenye kanda, tena kwa wakati wake kabisa. "Dada, mama anamshinda Borafya kwa mapigo," aliniambia, na Borafya mwenyewe kakaa papo hapo na gitaa lake.

Ikawa hivyo wiki nzima, mpaka mama akachoka. Akaapa mbele yetu sote kwamba hodi ya kinanda hataiitikia tena, na ikimchokoza ataijibu inavyostahiki.

Sasa mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, na Alhamisi ile, baada ya Alasiri, wazee wa Mudrik walikuwa wanatoka Makunduchi kuja kuniposa. Mudrik ni fundi redio wa Mwanakwerekwe. Alikuja kutengeneza spika za Mundhir, kazi ya saa moja akaifanya siku nzima, na mimi nikawa sichoki kumpelekea chai. Nilimtaka, nisifiche. Na niliogopa, kwa sababu mama hakuwa na tabia ya kukataa posa, tabia yake ilikuwa kusema, "Tutakupeni jawabu, Inshallah." Wachumba wawili kabla ya Mudrik walilingoja jawabu hilo mpaka wakaoa kwengine. Wa pili keshapata mapacha. Ngojangoja huumiza matumbo, na langu lilikuwa linauma kitambo.

Nilimwapisha Mundhir asiguse kinanda siku ile. Akaapa. Nikaingia jikoni kukaanga sambusa, mama akakaa juu akijifukiza udi.

Mara, kutoka chini: "Hodi!" Nzito, ya upande wa kushoto.

Nikasema moyoni, Mundhir, leo n'takuua.

"Wee shetani, nyamaza!" mama akapiga kelele. "Leo nna wageni wa maana!"

Kisha, kwa adabu: "Hodi, wenyewe!"

"Potelea mbali! Kutwa hodi, hodi, kama huna kwenu!"

Papo hapo Mundhir akaingia jikoni, akachukua sambusa, akaiuma.

"Hodi!" ikaja ya tatu.

Nikaitazama mikono ya Mundhir. Mmoja una sambusa. Wa pili unanyanyua nyingine.

"Nani yuko kwenye kinanda?"

"Hapana mtu," akasema, mdomo umejaa. "Nshakizima tokea asubuhi."

"Ukisema tena nakumwagia maji!" mama akamalizia huko juu.

Wazee wanajua adabu: hodi ni tatu, usipoitikiwa unarudi. Hawa waliitikiwa, na ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Nilipofika mlangoni kanzu tatu zilikuwa zinakata kona. Mwanamke anayeposwa hajitokezi mbele ya wazee, sembuse kuwakimbilia njiani na unga mikononi. Nilikimbia.

"Shikamooni!"

"Marahaba," akajibu mkubwa wao, Mzee Jaku, ami yake Mudrik, bila kunitazama.

"Mama hakukutukaneni nyinyi. Alikuwa akikitukana kinanda."

Wakatazamana. "Kwetu Makunduchi," akasema Mzee Jaku, "kinanda hakipigi hodi."

"Kwetu kinapiga. Njooni mkione."

Sidhani kama waliniamini, lakini mtu aliyetukanwa kwa ajili ya kinanda lazima atake kukiona. Wakarudi. Mama alikuwa mlangoni, uso umemsawijika, akiomba radhi hata kabla hawajafika. Tukaingia studio. Mundhir akabonyeza kidole, hodi ikatoka, wazee wawili wakaruka nyuma. Mzee Jaku akasogea karibu, akainamisha kichwa kusikiliza.

"Mbaya," akasema.

"Mbaya vipi?" Mundhir akauliza, kaumia.

"Hii hodi ya mtu anayekuja kuomba limau."

Akaeleza kwamba hodi ni namna kwa namna: ya msiba haina haraka, ya kuazima inainama mwishoni, ya posa hutolewa kwa kifua kizima lakini mguu mmoja uko nyuma. Mundhir macho yakamtoka. Akamsogezea maikrofoni.

Basi wakarikodi. Wakarikodi hodi ya msiba, hodi ya kuazima, hodi ya mtu aliyeokota kuku wa watu. Wazee wawili wakapiga makofi, Borafya akaja na gitaa lake, akawafuata kwa besi, na mama, yule yule aliyeapa, akakaa juu ya gunia akiitikia "Karibu!" kila inapompasa. Sambusa zikaisha. Wakazisifu. Jua likateremka, Mzee Jaku akasema wataikosa gari ya mwisho, wakaanza kutafuta viatu.

Posa hakuna aliyeitaja.

Nilisimama na sinia tupu. Nikamwangalia mama, nikaona anajua. Alikuwa akitabasamu lile tabasamu lake la Inshallah. Hasira ikanipanda mpaka masikioni.

"Wazee wangu," nikasema, "mmekuja kuniposa au mmekuja kurikodi?"

Mama akashika kichwa. "Yarabi! Mwanamke huulizwa akanyamaza, huyu hajaulizwa kasema!"

Mzee Jaku akavua kiatu alichokwisha kukivaa, akakaa tena. "Bi Ghaliya," akasema, "tulikuja kuuliza kama binti yako anamridhia kijana wetu, na tulikuwa tayari kungoja jawabu hata mwaka. Naona tushajibiwa. Kuna jengine?"

Maji yakimwagika hayazoleki. "Hapana jengine," mama akasema mwishowe, na mimi nilifurahi mpaka sinia likaniponyoka.

Walipoondoka, mama akanivuta kanga, nikakaa naye juu ya gunia.

"Ningewaambia wangoje, mwanangu," akaninong'oneza. "Si kwa ubaya. Ukishatoka wewe, mimi nikiita nani ataniitikia?"

Nikamwambia Mundhir yupo. Tukamtazama sote wawili: kavaa spika zake za masikioni, anatikisa kichwa peke yake. Mama akamwita, akamwita tena. Hakusikia.

"Mwanakwerekwe si Maskati, mama," nikamwambia. "N'takuja kila Ijumaa."

Kisha nikalia mimi, yeye akawa wa kunifuta machozi.