Bi Wembe Achagua Jicho la Kazi

Wapo waliodhani Bi Wembe aliitwa hivyo kwa sababu ya ulimi wake, na hawakuwa mbali sana na ukweli. Lakini jina lilitokana na kazi. Alikuwa kinyozi. Mumewe alipofariki alikirithi kiti chake cha kunyolea huku wanaume wa mtaa wakicheka, kisha akawanyoa hao hao waliocheka mpaka wakanyamaza. Si rahisi kumcheka mtu aliyekushikia wembe kooni.

Mashine za umeme aliwaachia wengine. Yeye kazi yake ilikuwa wembe wa kukunja, povu zito, na ule mstari wa ndevu shavuni unaomfanya mwanamume wa kawaida atoke mlangoni akitembea kama amepandishwa cheo leo asubuhi.

Kisha akaingiwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kwanza aliilaumu taa, akabadilisha balbu. Akakilaumu kioo, akakisugua mpaka mwanawe akamwambia atakitoboa. Hatimaye aliwalaumu wateja wenyewe, kwamba wanaume wa siku hizi wanaota ndevu za kubabaisha. Ukimtajia hospitali alikukatiza maneno hapo hapo.

Siku moja akamkata mteja sikio. Si kulikata likaanguka, ulikuwa mkwaruzo tu, lakini damu ya sikio haina adabu, ikatiririka hadi kwenye shati jeupe. Mteja mwenyewe alijikaza. Aliyeshindwa kujikaza ni mwana wa Bi Wembe, aliyekuwa akinyoa kwa mashine kwenye kiti cha pili. Alimpokonya mama yake wembe mbele za watu, akautia kwenye droo, akafunga, na ufunguo ukaingia mfukoni mwake.

"Mama, imetosha," alisema. "Ungekuwa mshipa wa shingo je?"

Bi Wembe akavua aproni, na waliomjua walijua hapo mambo yameharibika. Toka siku hiyo alikaa mwisho wa benchi akipokea salamu na kukunja mataulo. Mtu aliyewanyoa mabwana harusi wa koo nzima nzima, leo anakunja mataulo, tena anayakunja upande. Bila wembe mkononi alikuwa anakwisha, na kila mtu alimwona anavyokwisha. Ndipo akakubali mwenyewe kwenda kwa daktari wa macho.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mpole wa sauti, asiye na papara. Alimweleza kwamba lenzi aliyozaliwa nayo imeingia ukungu. Ataitoa, na mahali pake ataweka ya bandia, ndogo kama dengu, ikae humo maisha yote.

"Sasa swali ni lako, mama. Unataka ikuonyeshe vizuri wapi, mbali au karibu?"

"Kote," alisema Bi Wembe. "Kwa macho yangu mimi si mchoyo."

Daktari akacheka. Akamwambia zipo lenzi za kuona kote, na wengi huzifurahia, ila zinaugawa mwanga. Wengine huona duara kuzunguka taa, na vitu vyembamba vyembamba hupungua ukali. "Unafanya kazi gani?"

"Amestaafu," alisema mwanawe.

"Kinyozi," alisema Bi Wembe, wote wawili kwa pamoja.

Wakaanza kubishana. Mwana alitaka ya mbali. Mama aone magari akivuka barabara, amtambue anayebisha hodi, aangalie televisheni kwa raha zake, na kwa vitu vya karibu avae miwani. Daktari alikiri kwamba watu wengi huchagua hivyo.

"Na miwani ikijaa mvuke wa maji ya moto?" aliuliza Bi Wembe. "Ikiniteleza puani nimeshika wembe? Hiyo miwani nitaivaa barabarani. Gari silihesabu nywele, nataka tu nijue linakuja."

"Mama, hujachoka tu?"

"Kukunja mataulo ndiko kunakonichosha."

Daktari alisema jicho ni la mama na chaguo ni la mama. Lakini karibu nako kuna karibu ya aina nyingi. Aliwatuma warudi kazini kwao, wapime kutoka jichoni mwake hadi kwenye shavu la mteja, naye atachagua nguvu ya lenzi kwa kipimo hicho. "Mpime vizuri," aliwaonya. "Ikishaingia, kuitoa tena si mchezo."

Upimaji wenyewe ulijaza chumba. Fundi cherehani wa jirani alileta tepu yake. Fundi viatu alijitolea uso, kwa sharti kwamba droo ibaki imefungwa. Bi Wembe alishika mpini wa kitana badala ya wembe, akainama, akainama zaidi, mpaka pumzi zake zikamtekenya fundi viatu akaanza kucheka. Ikaonekana ni shibiri moja na ushee. Fundi cherehani akachomeka pini kwenye tepu, na Bi Wembe akaitia mkobani kama hati ya kiwanja.

Waliporudi hospitalini, daktari aliitazama ile pini akakunja uso kidogo. "Karibu hivi?"

"Hivyo hivyo. Tumepima mbele ya mashahidi."

"Sawa. Basi tutakwenda na hicho." Akavuta kalamu.

Mwanawe alikuwa hajasema neno tangu walipotoka nyumbani. Bi Wembe alimsikia akihema kwa nguvu, akadhani sasa analeta tena habari za televisheni.

"Daktari, ngoja kwanza," alisema mwanawe. "Hicho si kipimo cha mama. Ni kipimo cha ugonjwa."

"Ugonjwa gani tena?" alifoka Bi Wembe.

"Wewe hukuwa unanyoa hivyo, mama. Nilipokuwa najifunza, nikiinamia kichwa cha mtu ulikuwa unanizaba kofi la mgongo. Ukisema, 'Simama wima, kinyozi hanusi wateja.' Umeanza kuinama macho yalipoanza kuharibika. Mimi nilikuwa naona. Nilitaka kunyamaza. Wakikuwekea hiyo, ukisimama wima hutaliona shavu la mteja, wembe utakushinda, utakaa nyumbani salama, na hutanilaumu mimi. Lakini siwezi."

Bi Wembe aliyakumbuka yale makofi. Ni kweli kabisa. Ukungu ulikuwa umemkunja kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, mpaka akausahau mgongo wake mwenyewe. Na yeye, na akili zake zote, akaenda kuupima ule ukungu kwa tepu na pini. Alijiona mjinga wa mwisho. Kisha akamwangalia mwanawe, yaani ile sura ya mvuke aliyozoea kuiona mahali pa mwanawe, na moyo ukamjaa.

Mwana alivuta kiti, akaketi mbele yake. "Haya, ninyoe."

"Nikisimama wima sikuoni hata pua."

"Basi fumba macho."

Akasimama, akayafumba. Akanyoosha mgongo, ukalia. Mkono wa kushoto ulikwenda moja kwa moja ukakipata kidevu cha mwanawe, ukakiinua. Kidole gumba kikaivuta ngozi ya shavu, na mkono wa kulia ukapanda na wembe usiokuwepo. Hakufikiri lolote. Mikono ilijua, na kichwa kikasimama mahali pake pa siku zote.

"Usitikisike," alisema daktari, akiisogeza tepu taratibu. Kipimo kilitoka zaidi ya mara mbili ya kile cha kwanza. Daktari akaichomoa pini ya fundi cherehani akaiweka mezani. "Kijana, umeniokoa mimi pia. Nilitaka kumpa mama yako macho ya kusomea gazeti kwa pua."

Upasuaji wa jicho la kwanza haukuwa na hadithi. Dawa ya ganzi, mwanga mkali, sauti ya daktari ikimwambia ametulia vizuri, basi. Bandeji ilipofunguliwa, Bi Wembe aliona saa ya ukutani ni donge jeupe tu. Kisha daktari akamsogelea kwa umbali wa mkono, na akaona kila kitu, vinyweleo, mikunjo, hata poda iliyoganda pembeni ya pua.

"Daktari," alisema, "hizo nyusi nani amekuharibia?"

Jicho la pili lilifuata kwa kipimo kile kile. Aliambiwa asubiri, atie matone, asiinue vizito, naye akatii kila neno, jambo ambalo ndugu zake hawajalizoea hadi leo.

Siku aliyoruhusiwa kurudi kazini benchi lilijaa mapema. Alikuja amevaa miwani ya barabarani, akaivua mlangoni, akaifunga aproni, akasimama nyuma ya kiti chake. Hakuketi mtu. Fundi viatu alikumbuka kwamba amenyoa jana. Fundi cherehani alisema yeye anafuga ndevu. Wote walimpenda, lakini sikio la mtu ni sikio la mtu, na Bi Wembe akabaki akipangusa kiti kitupu.

Mwanawe alizima mashine. Akatoa ufunguo mfukoni, akafungua droo, akampa wembe. Kisha akaketi yeye, akafungua vifungo vya shati, na mbele ya wale wale walioona siku ya damu akaegemeza kichwa nyuma, koo wazi.

Bi Wembe akapaka povu. Alisimama wima, na kutoka hapo aliona kila unywele ulikotokea na unakoelekea. Wembe ulishuka ukiimba. Shavu la kulia likang'aa, mstari ukanyooka, na kwenye benchi watu wakaacha kuhema kwa woga, wakaanza kutazama kwa tamaa. Alipofika kidevuni akasimama.

"Una mvi," alisema kwa sauti ndogo.

"Ninazo muda mrefu, mama."

"Hapa. Na hapa. Umezeeka lini bila kuniambia?"

"Ulikuwa huoni."

Ilimchoma, miaka yote ile ya ukungu, na mtoto wake akikua humo ndani peke yake. Kisha furaha ikampanda, kwa sababu mvi zile ameziona mwenyewe, moja moja, kwa macho aliyoyachagua.

"Sasa naona," alisema. "Inua kidevu, sijamaliza."

Alimaliza bila tone la damu, na kabla mwanawe hajainuka, fundi viatu na fundi cherehani walikuwa wameshasimama wakigombania kiti.