Lala Nyuma, Mwenyekiti

Mimi ni nesi, na siku ile nilikasirika kwelikweli. Wanaume watano wa kamati ya zahanati waliazimwa magari mawili madogo, yanayovuta kwa magurudumu yote manne, wachague moja la kubebea wagonjwa wetu wa Kakesio, kijiji cha mbali chenye barabara ya mashimo. Wakayajaribu wapi? Kwenye lami, Karatu hadi Mto wa Mbu na kurudi, wakigombania kiti cha mbele!

"Hili jekundu limetulia, Sista Lukresia," aliniambia Mwenyekiti Herbert, mfanyabiashara wa Karatu anayependa vitu laini. "Mlima wote limepanda bila kukohoa. Kiti kinakukumbatia. Hilo jeupe gumu, lina kelele kama mashine ya kusaga."

"Nani amelala nyuma?" nikauliza.

Modest, dereva wetu, akajifanya anakagua tairi.

"Mimi nimelala kwenye yote mawili hapa uwanjani," nikasema. "Kwenye jeupe miguu inanyooka."

"Sista, gari ni mwendo," akanijibu.

Watu wazima kabisa! Mwezi wa tatu nilimpakia Naisenya huko Kakesio, mwenye uchungu wa kuzaa, nyuma ya gari letu la zamani, kumpeleka hospitali Karatu. Mwenyekiti aliomba lifti, akakaa mbele. Naisenya alilia tusimame ageukie ubavu mwingine. Mwenyekiti alikuwa na kikao Karatu. "Jikaze, mama, tunakaribia," akasema bila kugeuza shingo. Ulikuwa umebaki mwendo wa saa mbili. Mtoto alizaliwa amekufa. Na mimi, Mungu anisamehe, nilinyamaza.

Sasa sikunyamaza. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Lala nyuma, Mwenyekiti, twende njia ya Kakesio."

Wenzake wakacheka, na kicheko hicho ndicho kilichompandisha garini. Tulipopita lango la Ngorongoro na kuiacha njia ya watalii, Modest alikunja kiti cha nyuma cha gari jekundu, nikatandika godoro la zahanati. Herbert akavua koti, akajilaza. Magoti yalimfika kidevuni. Mlango ulikataa kufungwa mpaka alipojikunja tena.

Nikakaa mbele. Kiti kilikuwa kitamu kweli, sitasema uongo. Modest aliendesha mwendo uleule wa mwezi wa tatu, hakuzidisha. Kwenye mashimo ya kwanza nilisikia kichwa kikigonga bati. Halafu miguno. Halafu: "Simamisha! Mgongo wangu! Modest, simamisha nigeuke!"

Modest akanitazama.

"Jikaze, mzee, tunakaribia," nikasema, bila kugeuza shingo.

Nadhani aliyatambua maneno yake, maana hakupiga kelele tena. Hasira yangu haikupungua hata kidogo. Nilitamani tufike naye hivyo hivyo Kakesio. Lakini alianza kutapika, na mimi ni nesi. Nikamwambia Modest asimame.

Alishuka kwa mikono na magoti, akakaa kwenye jiwe, suruali yote vumbi. Nikampa maji. Alikunywa, akafuta mdomo.

"Tuchukue jeupe," akasema. Kisha akaniinulia macho kama mtu aliyeonewa. "Lakini Sista, kwa nini hakuna aliyewahi kuniambia kwamba huko nyuma ni hivi?"

"Naisenya alikuambia," nikasema. "Ulikuwa umekaa kiti cha mbele."