Ushahidi wa Mama Msasa

Mtaa mzima ulimwita Mama Msasa, na jina hilo halikumkera hata kidogo. Wapo watu wanaoitwa kwa majina ya watoto wao, na wapo wanaoitwa kwa vilema vyao. Yeye aliitwa kwa kazi yake, na kazi yenyewe aliijua. Ukimpelekea kiti kilichochakaa mpaka mwenyewe unaona haya kumkaribisha mgeni, baada ya siku tatu unakikuta kinang'aa kiasi cha kujiona uso. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati, meza ndefu iliyojaa makovu ya patasi, makopo ya vanishi, na dirisha lililotazama barabara ili, kama alivyozoea kusema, "anayepita bila kunisalimia nimjue."

Alikuwa mjane wa miaka sitini na sita, mwenye mtoto mmoja tu, wa kike. Huyo ndiye alikuwa fahari yake na homa yake. Alikuwa askari wa wanyamapori, mkuu wa kikosi cha doria, na askari thelathini walikuwa chini yake. Picha yake akiwa na sare ilitundikwa juu ya meza ya kazi, na mteja hakuhitaji kuuliza.

"Huyo ni Afande," Mama Msasa aliwahi kusema. "Lakini akija nyumbani anaosha vyombo kama watu wengine."

Asubuhi moja ya mvua aliingia mwanamume aliyevaa viatu vyeupe pe, vya kumfanya mtu ajiulize aliupitaje ule utope wa nje. Alikuwa na sanduku kwapani.

"Mama, nasikia mikono yako haina mshindani."

"Watu husema mengi. Umeniletea nini?"

Akafungua sanduku. Ndani mlikuwa na vipini vya visu na bangili, vyote vimepakwa rangi ya kahawia, vikaonekana vya zamani. "Mifupa ya ng'ombe hii. Nataka uitoe hiyo rangi, ing'ae. Ninayo mingine mingi. Malipo taja wewe mwenyewe."

Mama Msasa akachukua kipini kimoja, akakipima kiganjani. Kikamlemea kuliko alivyotarajia. Akakigusisha shavuni, kilikuwa baridi.

"Mifupa ya ng'ombe," alirudia. "Huyo ng'ombe wako alilishwa mawe?"

Yule bwana akacheka. Mama Msasa naye akacheka, lakini kipini hakukiachia. "Niachie viwili nivijaribu," akasema. "Rudi siku ya nne, uje na vilivyobaki."

Viatu Vyeupe alipoondoka, Mama Msasa akafunga mlango. Akasugua ncha ya kipini kwa msasa laini, akaifuta kwa kitambaa chenye unyevu, akachukua lenzi yake ya kutazamia nyufa za mbao. Chini ya ile rangi palitokea weupe wa maziwa, na ndani ya weupe huo mistari myembamba iliyopishana kama ukindu wa mkeka. Akaketi. Ilikuwa miaka mingi tangu aione mistari ile, lakini mikono yake ilikuwa imeijua kabla ya macho.

Hapa pana jambo ambalo hata Afande hakulijua. Tangu akiwa msichana wa miaka kumi na saba hadi alipofika thelathini, Mama Msasa alifanya kazi katika karakana ya kuchonga pembe za ndovu. Wakati ule kazi hiyo ilikuwa halali. Leseni ilining'inia ukutani, na wakubwa walikuja mchana kweupe kununua zawadi. Wachongaji walikuwa wanaume na wang'arishaji walikuwa wanawake kumi na wawili, yeye akiwa wa kwanza kati yao. Kisha biashara ikapigwa marufuku, karakana ikafungwa, na yeye akahamia kwenye viti na makabati. Mtu akimuuliza, yeye alijibu kwamba maisha yake yote alikuwa akisugua mbao. Mwanawe alipojiunga na askari wa wanyamapori, ule uongo mdogo ukageuka mzigo.

Mzigo ulizidi siku Afande alipokuja likizo, akaketi sakafuni jikoni na kumsimulia mama yake alivyomkuta ndovu jike aliyekatwa uso kwa shoka. Pembeni yake mtoto wa ndovu alikuwa akimsukuma mama yake kwa mguu ili aamke. Mtoto huyo alikaa naye siku mbili, hataki mtu asogee. Mama Msasa alikuwa akiosha mchele. Aliuosha mara tano.

Sasa kipini kilikuwa mezani. Angeweza kumrudishia mwenyewe na kusema kazi imemshinda, yakaishia hapo. Akamtazama yule mtu wa pichani, akachukua simu.

"Afande."

"Shikamoo mama. Mbona leo ni Afande? Kuna nini?"

"Marahaba. Ni Afande kwa sababu nimekupigia kazini." Akamweleza yote.

"Una hakika si mfupa?"

"Mfupa una vitundu vyeusi, kama umedungwa sindano. Hiki hakina. Kina mistari inayopishana."

"Mama, mambo haya umejifunza wapi?"

"Nitakwambia. Kwanza mkamate mtu."

Siku ya nne makachero wawili walifika mapema, wamevaa nguo za kiraia. Mmoja alijibanza nyuma ya kabati. Mwingine akajifanya mteja, akakalia kiti ambacho gundi yake haijakauka, na akaanguka nacho. "Kachero gani hawezi hata kukaa?" Mama Msasa alimkemea huku akimnyanyua. Viatu Vyeupe alipofika na masanduku mawili, alimkuta yule kachero bado anajipangusa vumbi. Akakamatwa kabla hajamaliza salamu. Mchana huohuo waliipekua stoo yake, na chini ya magunia ya mkaa wakakuta pembe nzima thelathini na moja. Nyingine zilikuwa fupi kuliko mkono wa mtoto.

Kesi ilianza kusikilizwa baada ya miezi saba. Taarifa ya maabara ilikuwa bado haijafika, na wakili wa utetezi alikuwa mtu wa maneno matamu. Alidai kuwa zile pembe nzima ziliwekwa stoo na mpangaji aliyehama. Mteja wake alichokutwa nacho mkononi ni bidhaa za mifupa ya ng'ombe, na hakuna aliyethibitisha vinginevyo. Akaomba kesi ifutwe. Mwendesha mashtaka alikuwa na shahidi mmoja tu wa kumzuia.

Miezi yote saba Mama Msasa aliikwepa ahadi yake ya kumweleza mwanawe ukweli, na asubuhi ile ndipo alipojaribu. Alianza alipokuwa akipiga pasi gauni lake, lakini simu ya Afande ikaita, kisha gari likafika, wakaondoka kabla hajamaliza. Sasa Afande alikuwa ameketi benchi la pili, katika sare iliyonyooka, akimtazama.

"Ieleze mahakama," alisema mwendesha mashtaka, "ulijuaje kwamba kile kipini si mfupa?"

Mama Msasa akashika ukingo wa kizimba cha mashahidi. "Kwa sababu nimeng'arisha pembe za ndovu kwa miaka kumi na mitatu."

Minong'ono ikazagaa. Hakimu akagonga meza.

"Ilikuwa kazi halali wakati huo," akaendelea. "Sikuua ndovu, mheshimiwa. Lakini kila kipande kilichopita mkononi mwangu kilitoka kwenye uso wa mnyama aliyekuwa hai, na hata siku moja sikuuliza. Yule pale ni mwanangu. Nilimbeba mgongoni nikisugua pembe, vumbi lake likimwangukia kichwani kama unga. Leo ndiyo mara yake ya kwanza kulisikia hili, na amelisikia pamoja nanyi."

Hakuthubutu kutazama benchi la pili.

Wakili wa utetezi akasimama, anatabasamu. "Kumbe wewe ni mwenzao, mama."

"Nilikuwa mwenzao, mheshimiwa wakili. Ndiyo maana hawawezi kunidanganya."

Watu wakaangua kicheko. Wakili akakunja uso. Akasema maneno ni bure. Kama shahidi ni mjuzi kiasi hicho, na ajaribiwe palepale. Hakimu akakubali. Akamtuma karani akanunue bangili za mifupa dukani, zichanganywe na zile za kesi, kila moja iandikwe namba upande wa ndani, zipangwe kumi kwenye sinia.

"Nifumbe macho?" aliuliza Mama Msasa.

"Hakuna aliyekuomba," alisema hakimu.

"Najua. Ila wakili asije akasema nilichungulia namba."

Akafungwa mtandio wake mwenyewe machoni. Chumba kikatulia, hata pangaboi likasikika linavyolalamika. Alichukua bangili ya kwanza, akaizungusha, akaigusisha shavuni. "Mfupa." Ya pili: "Mfupa." Ya tatu akaishika muda mrefu, na sauti ikashuka. "Hii ni pembe. Ya ndovu mdogo." Akaendelea hivyo, bila haraka, mpaka alipofika ya nane. Akaigonga kwa ukucha, akanusa, akatikisa kichwa.

"Hii si pembe wala mfupa. Hii ni plastiki. Karani, dukani wamekupunja."

Safari hii hakimu mwenyewe alicheka, akajificha nyuma ya faili. Namba zilipolinganishwa, hakukosea hata moja. Akavua mtandio, akaomba lenzi, akamwonyesha hakimu ile mistari kwenye ncha ya kile kipini alichokisugua. Hakimu akainama, akatazama, akageuza, akatazama tena. Kisha akamwita wakili naye aje aone. Wakili alitazama kidogo tu, akarudi kuketi.

Kesi haikufutwa. Taarifa ya maabara ilipofika mwezi uliofuata ilikubaliana na mikono ya Mama Msasa kipande kwa kipande, na yule mpangaji aliyehama hakupatikana kwa sababu hakuwahi kuwapo. Viatu Vyeupe alifungwa miaka ishirini.

Lakini siku ile ya ushahidi, nje ya mahakama, hapakuwa na vigelegele. Afande alikuwa amesimama kwenye korido, kofia mkononi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa, mwanangu. Niliogopa ukijua, utanivua umama."

Afande akamwekea mama yake mtandio vizuri begani, akampeleka nyumbani kwa gari. Wiki mbili zilizofuata alipiga simu kama kawaida, lakini zilikuwa za salamu tupu: umeamkaje, umekula, haya kwaheri. Mama Msasa alisugua viti kwa nguvu mpaka kimoja akakitoboa.

Jumapili ya tatu Afande akaja mwenyewe. Akaingia jikoni, akaosha vyombo vyote, hata vilivyokuwa safi. Kisha akageuka, mikono inachuruzika maji.

"Mama, askari wangu wanakagua mizigo barabarani. Wanakuta bangili, shanga, vipini. Wakiambiwa ni mifupa wanaachia, kwa sababu hawajui tofauti. Nataka uje kambini uwafundishe."

"Mimi? Na hiyo hasira yako?"

"Hasira ninayo bado, sikufichi. Nitabaki nayo muda." Akajifuta mikono. "Lakini siku ile ulipofunga macho ukaanza kuzitaja moja moja, nilishindwa kujizuia. Nikamgeukia mtu wa pembeni nikamwambia, 'Huyo ni mama yangu.' Kumbe alikuwa kaka wa mshtakiwa."

Mama Msasa alicheka mpaka akashika meza. Afande akajikaza kidogo, kisha naye akashindwa.

Kambini, darasa lilikuwa banda la mabati lenye madawati ya mbao mbichi, ambayo Mama Msasa aliyapapasa tu na kujua hayajapigwa msasa. Askari thelathini walikuwa wameketi, wengine wakitazama kwa mashaka yule mama mfupi mwenye mkoba. Afande akasimama mbele.

"Huyu ni mama yangu," alisema. "Aling'arisha pembe za ndovu kabla sijazaliwa, na akaendelea mimi nikiwa mgongoni. Hakuficha mahakamani, nami sifichi hapa. Tuliona kesi ya pembe thelathini na moja ikitaka kuponyoka, na aliyeikamata ni yeye. Hakuna katika nchi hii anayezijua kama anavyozijua. Simameni."

Buti sitini zikagonga sakafu kwa mpigo mmoja. Mama Msasa alikuwa ameandaa hotuba, tena ndefu, yenye mwanzo mzuri. Yote ikamruka. Akasimama akiwatazama mpaka akapata neno moja tu.

"Kaeni."

Wakaketi. Akatandika kitambaa juu ya meza, akapanga vipande vya mafunzo alivyokabidhiwa na stoo ya serikali kwa sahihi tatu. Akamwita mbele askari mrefu wa nyuma, yule aliyekuwa na mashaka kuliko wote, akamwekea kipande kiganjani.

"Usiniambie unachoona. Niambie unachosikia mkononi."

Yule askari akafikiri. "Kina joto la kawaida, mama. Na ni chepesi."

"Sasa tazama kwa lenzi."

"Kuna vitundu vidogo. Vyeusi." Akainua uso, macho yamemtoka. "Mfupa!"

"Umeniona nikikusaidia?"

"Hapana, mama."

"Basi hicho ni chako, hakuna atakayekunyang'anya. Anayefuata!"

Wakaanza kusukumana kuja mbele. Mama Msasa akatupa jicho mlangoni. Afande alikuwa amesimama pale, mikono kifuani, kidevu juu, kama mtu anayewaonyesha wageni nyumba aliyoijenga mwenyewe.