Ndevu za Daktari

Mimi kubembeleza sijui. Wodini wananiita Mama Pilipili, na ndiyo maana nilipewa kazi ya kusimama mlangoni kukagua mavazi kabla mtu hajaingia kumwekea mgonjwa mrija wa kupumulia. Hapo ndipo penye hatari: mgonjwa anakohoa, na uso wa daktari uko karibu kabisa na kinywa chake. Mwaka jana muuguzi mwenzangu, shoga yangu wa miaka kumi na miwili, aliingia mbio na barakoa iliyolegea. Akaambukizwa, tukamzika. Mpaka leo inaniuma.

Sasa asubuhi moja akaletwa dereva wetu wa gari la wagonjwa, pumzi zinamkatikakatika. Muuguzi aliyevaa kamili alikuwa ndani akimpa oksijeni. Daktari wa usingizi, ndiye mweka mrija, akaja mbio na ndevu zake, ndevu anazozipaka mafuta utadhani mtoto mchanga.

"Puliza," nikamwambia, kiganja changu kikiwa pembeni mwa barakoa yake. Upepo ukanipiga kiganjani.

"Inavuja hapo kwenye ndevu. Huingii mpaka zinyolewe."

"Mama, nipishe! Mtu anakufa!"

"Oksijeni itamshikilia dakika tano. Wewe nataka uishi miaka hamsini."

"Lakini mke wangu anazipenda hizi..."

"Mkeo nitampigia magoti mimi. Kaa!"

Akakaa. Nikashika mkasi, kisha wembe wa kunyolea wagonjwa wa upasuaji. Hofu nilikuwa nayo, sifichi: dereva akifia mikononi mwetu kwa ajili ya ndevu, nitamwambia nini mama yake? Daktari alifumba macho kama anayechinjwa. Dakika tatu hazikuisha, ndevu za miaka sita zikawa sakafuni.

"Puliza tena." Kiganja kikabaki kikavu, hakuna hata upepo. "Haya, nenda!"

Kupitia kioo nikamwona akiinama. Dereva akakohoa, tena kikohozi cha nguvu, usoni pa daktari kabisa. Lo! Nikashika ukuta. Mrija ukaingia.

Siku ya kumi na moja dereva alitolewa mrija, akaomba chai. Jioni yake daktari akanijia na karatasi ya kipimo chake cha mwisho.

"Sina kitu, Mama. Niko safi."

Nilikuwa nimejiandaa kumwambia, "Si nilikwambia?" Wapi! Nilimshika yale mashavu yake laini, nikalia kile kilio kilichonigomea siku tulipomzika shoga yangu.