Kikohozi cha Mwalimu Mfaume

Mtu akikwambia wivu ni wa vijana, mpeleke Mtoni akaulize habari za Mwalimu Mfaume Hija. Mzee mzima, miaka hamsini na minane, mvi kichwa kizima, na bado wivu ulimkaa kooni kama mwiba wa dagaa. Na alikuwa akimwonea nani? Shomari! Kijana aliyemfundisha mwenyewe, akamshika mkono akamwonyesha jinsi ya kuandika a, e, i, o, u, na siku ya kwanza alipojikojolea darasani kwa woga, akamtuma nyumbani kubadili kaptura. Huyo huyo Shomari ndiye sasa aliyekuwa akimnyima raha.

Mwalimu Mfaume alifundisha darasa la kwanza na la pili pale Mtoni kwa miaka ishirini na saba. Karibu kila baba na mama wa mtaa ule alipita mikononi mwake. Na alikuwa na desturi yake moja. Hakuwa akiingia darasani kimyakimya. Akifika mlangoni anakohoa mara mbili, "Khm! Khm!", na kabla mguu haujavuka kizingiti darasa zima limeshasimama: "Shikamoo, mwaliiimu!" Ole wake atakayekaa kabla mwalimu hajapunga mkono. Nyie mnaosoma siku hizi hamwezi kuelewa, lakini waulizeni wazee wenu, watawaambia kikohozi kile kilivyokuwa kikiwasimamisha wima.

Alipostaafu mwaka wa 1951, wazazi walimchagua kuwa mjumbe wao katika kamati ya shule, kwa sababu mjukuu wake Mwanabaraka alikuwa akisoma pale. Hakuna aliyeshindana naye. Kwa miaka mitatu, kila siku ya kamati, mwalimu alivaa kanzu iliyopigwa pasi na koti jeusi, akashika barabara ya Kilwa polepole makusudi, ili watu wapate kumwuliza, "Mwalimu, safari ya wapi?" Naye ajibu, "Kamati, wanangu. Kamati inaningoja." Ondoa kiti kile, na mwalimu angebaki mzee mwingine wa Mtoni wa kufukuza kuku uani. Alilijua hilo vizuri, na lilimtisha kuliko kaburi.

Sasa miaka mitatu ilikuwa imekwisha, uchaguzi umerudi, na Shomari alikuwa ametoa jina lake.

Shomari alikuwa karani katika ghala moja bandarini. Alikuwa na miwani, suruali yenye mikunjo ya kukata mkono, na taipu kuukuu aliyoiweka barazani kwake. Jioni akirudi kazini anakuta watu wamemngoja na barua zao. Anawasomea, anawaandikia majibu, tak-tak-tak, na vicheko haviishi pale. Zamani barua hizo zote zilikuwa zikiletwa kwa Mwalimu Mfaume. Sasa akikaa barazani kwake kutwa nzima hakuna anayemletea hata bahasha tupu. "Shikamoo mwalimu," wanasema, na wanapita, barua zimefichwa chini ya kwapa.

Na kwa nini? Haya, nitawaambia, ingawa yeye mwenyewe hakutaka kuambiwa. Mwaka uliopita Auleria, jirani yao aliyetoka Bukoba, alileta barua ya kaka yake. Macho ya mwalimu yalikuwa yameanza kuingia ukungu, naye hakutaka kusikia habari za miwani. Barua ilisema, "Mtoto amepona." Mwalimu akasoma, "Mtoto amepotea." Lo! Auleria alipiga yowe mpaka watu wa Keko wakajua, akafunga mizigo, na alikuwa ameshafika stesheni ya reli alipokutana na Shomari, akampa barua aisome tena. Mtaa mzima ulilijua jambo hilo na hakuna aliyemwambia mwalimu kitu, kwa heshima. Yeye alisema mwandiko wa yule kaka ndio mbovu.

Basi Alhamisi, siku mbili kabla ya uchaguzi, mwalimu alikuwa akitafuta kibiriti chini ya mto wa mkewe Somoe, akakuta barua. Akaisogeza mbali, akaileta karibu, akaipeleka dirishani. Ilikuwa imetoka kwa shemeji yake wa Kilwa, na pamoja nayo palikuwa na jibu lililopigwa taipu.

"Somoe!"

"Abee, mwalimu." Somoe alikuwa jikoni akikuna nazi.

"Hii nini?"

Somoe akaja mlangoni, akaona, akafuta mikono kwenye kanga. "Barua ya kaka."

"Naona ni barua, mie si kipofu! Nani kaiandika hii ya kujibu?"

"Shomari."

Mwalimu alihisi damu ikimpanda masikioni. "Mke wangu! Mke wa mwalimu! Umekwenda kukaa barazani kwa Shomari pamoja na wauza samaki, akusomee barua ya ndugu yako, na mie nimo ndani ya nyumba hii hii?"

"Nilikuwa nakupumzisha, mwalimu."

"Unanipumzisha! Nimekufa mie?"

"Macho yako—"

"Macho yangu yana nini?" akafoka, na Somoe akanyamaza, kwa kuwa ndoa ya miaka thelathini na mitano ilikuwa imemfundisha pa kunyamaza. Akarudi kwenye mbuzi yake akaendelea kukuna. Mwalimu akamsikiliza anavyokuna, na katika kila mkuno akasikia jina la Shomari. Kwanza barua. Kesho kutwa je? Akina mama wenye watoto au wajukuu shuleni nao walikuwa na haki ya kuchagua. Je, Somoe atamchagua nani? Swali hilo likamwingia na halikutoka tena. Ijumaa nzima alimchunguza mkewe. Somoe akicheka na Auleria uani, mwalimu anajiuliza wanacheka nini. Somoe akipiga pasi kanzu yake, mwalimu anaona anaipiga bila moyo. Wivu una kazi ngumu jamani, haumpi mtu hata nafasi ya kunywa uji.

Jumamosi asubuhi wazazi arobaini na watatu, mbali na wagombea wawili, walijibana katika madawati ya darasa la pili, wanaume mbele, wanawake nyuma. Mwalimu mkuu aliyeongoza uchaguzi aliitwa Adelard, mtu wa Iringa, mrefu, mkavu, hana hata miezi mitano pale Mtoni. Alikuwa mtu wa kanuni. Alieleza kwamba wagombea watatoka nje, mmoja upande wa tangi la maji na mwingine upande wa bustani, ili mtu asione haya. Kisha atataja jina, na wanaomtaka mwenye jina hilo watasimama awahesabu. Kila mtu atasimama mara moja tu. Ataanza na Shomari, kwa kuwa barua yake ya maombi ndiyo iliyotangulia kufika.

Wakatoka. Wakiwa mlangoni Shomari akainama kidogo, "Mwalimu, lolote litakalotokea, tuwe radhi."

"Radhi unayo," akasema mwalimu, na moyoni akaongeza mengine ambayo siyaandiki hapa.

Akasimama penye tangi. Akasimama sana. Ndani akasikia sauti ya Adelard: "Wanaomtaka Bwana Shomari, simameni." Madawati yakalia. Mangapi? Hakuweza kujua. Akajiambia asogee hatua moja tu. Kisha moja nyingine. Mara akajikuta dirishani, shingo ameinyoosha kama mtoto anayechungulia ngoma ya watu wakubwa.

Ndani aliona ukungu na watu. Hawa wamekaa, hawa wamesimama, hakuweza kuwahesabu. Lakini kule nyuma, miongoni mwa wanawake, kitu kimoja alikiona wazi: kanga nyekundu yenye michoro ya korosho nyeusi, imesimama wima. Kanga hiyo aliijua. Somoe aliivaa asubuhi ile ile mbele ya macho yake, akaizungusha, akamwuliza, "Imenikaa?"

Somoe amemsimamia Shomari.

Hapo mwalimu hakufikiri tena. Kiti, kamati, kanuni, vyote vilimtoka kichwani. Alitaka jambo moja tu, mwanamke yule amwone, macho kwa macho, akiwa amesimama pale pale kwenye aibu yake. Akazunguka ukuta mbio mbio, koti likipepea, akafika mlangoni. Na alipofika mlangoni, koo lake, lililofanya kazi hiyo kwa miaka ishirini na saba, likafanya lilichozoea.

"Khm! Khm!"

Darasa zima likasimama. Hakuna aliyewaza. Seremala na mwuza mkaa, mvuvi na dereva wa lori, akina mama na watoto wao mgongoni, magoti yao yalikumbuka kabla ya vichwa vyao. "Shikamoo, mwaliiimu!"

"Thelathini na mmoja, thelathini na wawili..." Adelard alikuwa na kalamu hewani, uso umemng'aa. Mtu wa Iringa angejuaje habari za kikohozi? Aliona watu wamesimama, akahesabu waliosimama. Mmoja wa wazee akaanza kukaa, Adelard akamkemea: "Msikae! Nahesabu!" Akamaliza. "Arobaini na watatu. Wote."

Mnong'ono ukaanza. "Sie tulikuwa tunaamkia tu..." akasema mtu. "Siyo hivyo, mwalimu mkuu..." akasema mwingine. Adelard akainua mkono kuwanyamazisha, akamgeukia Mwalimu Mfaume.

"Mwalimu, kanuni ilikuwa wagombea wakae nje. Wewe umeingia katikati ya hesabu. Kama una sababu, iseme, nifute hesabu hii tuanze upya. Umeingia kwa nini?"

Watu wote walikuwa bado wamesimama, wakimngoja apunge mkono.

Neno moja tu lingetosha. Lakini lipi? Aseme alichungulia dirishani? Aseme, mbele ya watoto wote aliowafundisha kutoibia majibu, kwamba mwalimu wao amechungulia? Na wakimwuliza alichoona, aseme nimeona mke wangu hanitaki? Alitazama kule nyuma, lakini sasa wote wamesimama na rangi zote zimechanganyika. Aliona haya, na haya ile ilikuwa nzito kuliko kiti.

"Nimeingia," akasema, na sauti ikamtoka ndogo, "nimeingia kumsimamia Shomari. Ni mwanafunzi wangu."

Akapunga mkono. Watu wakakaa. Kisha wakalipuka kwa makofi na vigelegele ambavyo Mtoni haikuwa imevisikia tangu Idi. Shomari akaitwa kutoka bustanini, akaambiwa kilichotokea, akavua miwani, akaja akambusu mwalimu mkono na machozi yakamdondoka juu ya vidole vyake. Na watu waliotoka nje walikuwa wakisema nini? "Mmemwona Shomari? Hata mwalimu wake amemwachia kiti! Shomari ni mtu!" Shomari, Shomari. Hata wema huo, tena wa uongo, walimpa Shomari.

Njiani, katika barabara ya Kilwa, mwalimu alitembea peke yake na koti mkononi. Hakuna aliyemwuliza safari ya wapi. Mbele yake akaona kanga nyekundu ya korosho ikienda haraka haraka, na hasira ikamrudia yote.

"Somoe! Simama hapo hapo!"

Mwanamke akasimama, akageuka. Mwalimu akakaribia, akakaribia zaidi, mpaka uso ukatoka katika ukungu.

"Mie Auleria, mwalimu," akasema yule mwanamke kwa upole. "Mkeo yuko nyuma yako. Tulinunua sare, hukuziona?" Kisha akainamisha macho. "Uniwie radhi, mwalimu. Mie ndiye niliyemsimamia Shomari. Ilikuwa kwa ajili ya ile barua tu."

Mwalimu akageuka. Somoe alikuwa akija, amemshika Mwanabaraka mkono, na korosho zile zile nyeusi zimemzunguka kiunoni. Alikuwa amelia.

"Walisimama watu kumi na wanne," akasema Somoe. "Niliwahesabu mie mwenyewe. Sie wengine wote tulikuwa tumekaa, mwalimu. Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa dawati na miguu tayari, nangoja tu litajwe jina lako. Nilitaka niwe wa kwanza." Akafuta macho kwa upindo wa kanga. "Kwa nini uliingia?"

Mwalimu Mfaume alitaka kumjibu. Koo lilimkereketa vibaya, lakini mbele yao barabara ilikuwa imejaa watu aliowafundisha, wakirudi makwao. Akaziba mdomo kwa kiganja, asije akakohoa.